Klebsiella yenye NDM: seftazidimu-avibaktamu inatosha peke yake?

Muulizaji: Damu ya mgonjwa imeotesha Klebsiella (bakteria) yenye NDM, kimeng'enya kinachovunja antibiotiki nyingi. Tuanze antibiotiki ya seftazidimu-avibaktamu peke yake?

Mfamasia: Hapana. Avibaktamu huzuia vimeng'enya vingine vya aina hiyo kama KPC na OXA-48, NDM haiigusi. Ongezeni antibiotiki ya aztreonamu: NDM haiwezi kuivunja, ila vimeng'enya vingine kama ESBL, ambavyo bakteria hawa huwa navyo mara nyingi, huivunja, na hapo avibaktamu huilinda. Figo zikiwa nzima, seftazidimu-avibaktamu gramu 2.5 na aztreonamu gramu 2 kila baada ya saa 8, dripu ya saa 3, zote kwa pamoja. Mkizipishanisha, ulinzi unapungua.

Maabara: Antibiotiki ya sefiderokoli nayo ipo. Huingia ndani ya bakteria ikiwa imebeba madini ya chuma, kwa hiyo kipimo chake cha kuotesha kwenye majimaji kinataka majimaji yaliyopunguzwa chuma. Bila hivyo majibu yatawadanganya.

Muulizaji: Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, imepanda kidogo.

Mfamasia: Rudieni kipimo kesho kabla ya kupunguza dozi. Mara nyingi hushuka yenyewe.