Sono (vyombo vya sauti) ya ukumbi wa shule wenye jukwaa (Goma): bafle mbili kubwa, laini ya volti 100, au bafle nne ndogo?

Mwalimu_Himbi

Ndugu zangu, kamati ya wazazi imekubali kutoa dola 3,500 kwa sono ya ukumbi wetu. Kabla hatujanunua kitu, naomba mnisaidie kulinganisha.

Ukumbi una urefu wa mita 24 toka ukingo wa jukwaa hadi ukuta wa nyuma, upana mita 15, kimo mita 7. Chini ni sima, kuta zimepigwa lipu, juu ni mabati matupu, hakuna plafo. Jukwaa liko upande mfupi: mita 8 kwa 5, limeinuka sentimita 90. Siku za kawaida watoto wanacheza voleboli humo. Siku za shughuli kuna proklamasyo (kutangaza matokeo ya wanafunzi), misa ya kufungua mwaka, tamthilia na kwaya ya watu 30. Wanaoketi ni kama 300.

Tumepewa mapendekezo matatu:

A. Bafle mbili za inchi 15 zenye ampli ndani, pande mbili za jukwaa, pamoja na subwufa (bafle za besi) mbili za inchi 18.
B. Bafle nane za nguzo (ndefu na nyembamba), laini ya volti 100 (ampli moja inalisha zote kwa waya mmoja, kila bafle na transfoma yake), wati 30 kila moja, zimefungwa kwenye kuta za pembeni. Ampli moja ya wati 360.
C. Bafle nne zenye ampli ndani: mbili za inchi 12 mbele, mbili za inchi 10 katikati ya ukumbi, hizi za katikati zikicheleweshwa.

Ipi, na kwa nini?

FundiSono

Mwalimu, asante kwa kuleta vipimo. Wengi huleta wati tu. Tuanze na chumba chenyewe, maana ndicho kitakachoamua.

Ujazo ni 24 × 15 × 7, yaani mita za ujazo 2,520. Muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo, gawanya kwa eneo linalofyonza sauti. Sima na lipu hazifyonzi karibu chochote. Ukihesabu mabati, madirisha yaliyo wazi na kuta, utapata kama mita 80 za mraba zinazofyonza. Kwa hiyo ukumbi mtupu una mwangwi wa sekunde 5. Wakiingia watu 300, kila mmoja analeta kama 0.4, jumla inafika 200, na mwangwi unashuka hadi sekunde 2. Maneno yanaeleweka vizuri chini ya sekunde 1.5.

Maana yake kwa bafle: ukiwa na mbili mbele na ukumbi umejaa, ukifika kama mita 4.5 kutoka kwenye bafle, sauti inayokuja moja kwa moja inakuwa sawa na mwangwi. Ukifika mara tatu ya hapo, mita 13 au 14, herufi zinaanza kupotea. Mtu anasikia sauti kubwa lakini hashiki maneno. Ukumbi wako una mita 24. Kwa hiyo pendekezo A, hata ukilipa wati 4,000, linawaacha wa nyuma bila kuelewa mkurugenzi anasema nini. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na mwangwi nao unapanda desibeli 3 zilezile.

Mimi ni C. Na subwufa ziondolewe kabisa mwaka huu. Chumba chenye sekunde 5 kikiguswa na besi kinafunika kila neno.

Lushi_Sonorisation

Salamu toka Lubumbashi. Msitupe B haraka hivyo. Kwa hotuba na matangazo, laini ya volti 100 ina faida zake. Kila nguzo iko mita 6 au 7 kutoka kwa msikilizaji, kwa hiyo inaweza kupiga kwa sauti ndogo. Waya ni mwembamba: milimita za mraba 1.5 zinatosha kuzunguka ukumbi mzima. Mkijaribu kulisha bafle za kawaida za omu 4 kwa umbali wa mita 30 na waya wa 2.5, waya wenyewe unakula karibu omu 0.4, na karibu desibeli 1 inapotea njiani kabla ya kufika popote.

Hesabu ya ampli: 8 × 30 = wati 240, ongeza robo, inakuwa 300; kwa hiyo 360 ni sahihi. Jambo la kuangalia: kila nguzo ina transfoma ndogo, na besi ikiingia inashiba na sauti inapasuka. Kata kila kitu chini ya hezi 100 kwenye mikseri. Na asithubutu mtu kuunganisha bafle ya omu 8 moja kwa moja kwenye laini hiyo, itaungua.

FundiSono

Yaya, kwa hotuba peke yake nakubali. Lakini nguzo nane zinazopiga kwa nguvu moja zinalisha mwangwi mara nane, na msikilizaji ananufaika na moja tu iliyo karibu naye. Halafu zote zinaanza kwa wakati mmoja: mtu wa nyuma anasikia nguzo ya pembeni yake kabla ya sauti ya jukwaani, kwa hiyo macho yanatazama jukwaa na masikio yanatazama ukuta. Kwa tamthilia hilo linaua mchezo. Na kwaya ya watu 30 kupitia spika ndogo za inchi 4 haina uzito.

Katika C, bafle za katikati zinacheleweshwa. Sauti inakwenda kama mita 344 kwa sekunde kwa joto la nyuzi 22. Umbali wa mita 12 ni milisekunde 35. Ongeza 10 hadi 15, weka 45 au 50. Sikio linaamini sauti inayofika kwanza, hivyo mtu wa nyuma ataona kana kwamba kila kitu kinatoka jukwaani. Pandisha bafle za katikati taratibu hadi mtu wa mstari wa mwisho ashike maneno, lakini asiweze kukuonyesha kwa kidole bafle iko wapi. Akiweza, zimezidi, punguza desibeli 2.

Kabla ya kulipa, hakikisha mikseri au bafle yenyewe ina ucheleweshaji. Bila huo, C ni mbaya kuliko A.

MamaKwaya_Bukavu

Wapendwa, mmeongea sana bafle na mikro zimesahauliwa. Kwa kwaya ya watu 30 msinunue mikro kumi. Kila mara idadi ya mikro zilizo wazi ikizidishwa mara mbili, mnapoteza desibeli 3 kabla ya larseni (mlio mkali wa mikro kusikia bafle yake) kuanza. Mikro mbili za kondensa, za aina inayotaka volti 48 kutoka kwenye mikseri, kwenye stendi ndefu. Ziwe mita 1 hivi mbele ya mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa vya mstari wa nyuma, zikiangalia chini. Mbili hizo ziachane angalau mara tatu ya umbali wa mikro na mwimbaji, la sivyo sauti zinakutana na kufutana na sauti za alto zinasikika kama ziko ndani ya pipa.

Kwa waongeaji: mikro mbili za waya za aina ya dainamiki (zisizotaka volti 48), na mbili zisizo na waya. Hizo zisizo na waya, angalieni masafa yaliyoandikwa nyuma ya kipokezi. Kongo iko kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), ambako megahezi 694 hadi 790 zimepewa simu za mkononi. Maduka bado yana mikro za zamani za megahezi 700 na bei yake inavutia. Mziache. Chukueni zilizo chini ya 694, na kabla ya shughuli mtafute chaneli tupu. Zile za gigahezi 2.4 zinagombana na waifai, na ukumbi ukijaa simu 300, mikro hizo zinakatika.

Monita ya jukwaani ikae mahali ambapo mikro haisikii. Mikro ya kadioidi (inayosikia zaidi mbele) ni kiziwi mgongoni kabisa, kwa hiyo monita iwe mbele ya mwimbaji, nyuma ya mikro. Ya superkadioidi inasikia kidogo mgongoni. Yake iwekwe pembeni, kama nyuzi 125 kutoka mbele ya mikro.

UmemeKatindo

Umeme, wakubwa. Bila huo yote haya ni mapambo.

Goma tumejenga juu ya jiwe la volkano. Nondo ya ardhi ya mita 2 haiingii, au inaingia sentimita 60 na kusimama, na jiwe lenyewe halipitishi umeme vizuri. Prizi nyingi za shule zina pini ya ardhi isiyokwenda popote. Matokeo: mwimbaji anagusa mikro kwa midomo na anapigwa, na bafle zinanguruma kwa hezi 50.

Chimbeni mtaro wa mita 20 hadi 30 kando ya ukuta, lazeni waya mtupu wa shaba wa milimita za mraba 25, mfunike kwa udongo wa mfinyanzi ulioletwa, si kwa changarawe ya lava. Kisha pima. Kwa disjonkta ya tofauti (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 500 mnatakiwa mshuke chini ya omu 100, na hapa hiyo ni kazi kweli. Ndiyo maana nasema wekeni ya miliampea 30 kwa prizi zote za jukwaa: volti 50 za usalama gawanya kwa ampea 0.03 ni zaidi ya omu 1,600, kwa hiyo hata ardhi dhaifu inamlinda mtu. Na fundi asiwashauri kukata pini ya ardhi ili mngurumo uishe. Mngurumo unaisha mkilisha mikseri na bafle zote kutoka kwenye tablo moja.

Matumizi: bafle nne zenye ampli hula kwa wastani kama wati 100 kila moja zikiongea na kuimba, bila kujali wati 1,000 zilizoandikwa nje. Mikseri na vipokezi ongeza 80. Tuseme wati 500. Shughuli ya saa 4 ni kilowati-saa 2. Betri za asidi za volti 24, ampea-saa 200, zinabeba 4.8, tumia nusu tu ili zisife mapema, zinatosha kwa kubana. Inveta iwe ya wimbi safi. Mkipendelea jenereta, kumbukeni tuko karibu mita 1,500: injini inapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo ya kVA 3 mhesabu 2.5.

Radi zikianza, chomoeni, pamoja na waya wa antena. Ukanda wetu wa Kivu, hadi Kabare kule, ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani.

Mwalimu_Himbi

Nimeelewa mengi, Mungu awabariki. Maswali mawili. Mtu wa kamati anasema tubandike trei za mayai ukutani kwa ajili ya mwangwi, ni bure. Na bafle tuweke kwenye stendi au ukutani, kwa sababu ya mipira?

FundiSono

Trei za mayai hapana, Mwalimu. Ni karatasi nyembamba; zinagusa sauti za juu kidogo na kuacha eneo la maneno kama lilivyo. Tena zinashika moto upesi, sawa na sponji ya magodoro, ambayo moshi wake ni sumu. Ndani ya ukumbi wa watoto 300 msijadili hilo hata dakika moja.

Anzeni na ukuta wa nyuma. Sauti inakwenda mita 24 na kurudi 24, inamfikia msemaji baada ya milisekunde 140, na anajisikia akijijibu. Pazia zito la pamba, lenye mikunjo (kwa kila mita 1 ya ukuta, mita 2 za kitambaa), liachane na ukuta sentimita 10 hadi 15. Bila mikunjo na bila nafasi halifanyi kazi. Mita 50 za mraba nyuma, na 30 kwenye kuta za pembeni kuanzia mita 3 kwenda juu, mipira isifike. Hizo 80 zikifyonza nusu, mwangwi wa ukumbi uliojaa unafika sekunde 1.7. Mkipata pamba ya mawe ya sentimita 5 ndani ya fremu za mbao zilizofunikwa kitambaa, mnafika 1.5.

Bafle ziwe ukutani. Stendi inasukumwa. Kimo mita 3.2 hadi 3.5, mbele ya mstari wa mikro kwa mita 1 angalau, zimeinama zikiangalia theluthi mbili ya ukumbi. Boliti za M10 ziingie kwenye mkanda wa zege, si kwenye tofali lenye tundu, na kila bafle iwe na kamba ya chuma ya akiba iliyofungwa sehemu nyingine. Ya kilo 18 ikianguka kutoka hapo haisamehe. Mbele yake fungeni wavu wa chuma wenye matundu makubwa.

Lushi_Sonorisation

Naongeza kuhusu mikseri. Ya dijitali inawapa ucheleweshaji, ikwaliza (kurekebisha sauti kwa masafa) kwa kila tokeo, na mipangilio iliyohifadhiwa: «proklamasyo», «kwaya», «tamthilia». Mwalimu yeyote anafungua na kuongea. Lakini zile zisizo na vitufe, zinazotegemea tableti, zinataka ruta yake yenyewe, si ile iliyofungwa ndani ya kisanduku, na tableti iliyochomekwa kwenye chaja. Wekeni pia UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 600 kwa mikseri peke yake. Umeme ukikatika sekunde mbili bafle zinarudi mara moja, mikseri inachukua muda kuamka, na ukumbi unakaa kimya.

Kufunga: kata chini ya hezi 100 kwa kila mikro ya sauti. Pandisha mikro moja moja hadi ianze kulia, tafuta masafa yanayolia, kata desibeli 3 hadi 6 kwenye ukanda mwembamba wa masafa hayo, rudia mara nne. Larseni ikiendelea baada ya hapo, tatizo ni mahali bafle au mikro ilipo. Ikwaliza imeshafanya yake.

MamaKwaya_Bukavu

Na mvua, Mwalimu. Mabati matupu yakipigwa na mvua kubwa hakuna bafle itakayoshinda, mtaongeza tu kelele juu ya kelele. Proklamasyo iko kiangazi, haina shida. Noeli ndiyo. Wekeni plafo (dari) ya triplex (mbao nyembamba za tabaka) juu ya jukwaa kwanza. Mikro zikikaa chini ya mahali palipotulia, kazi inakuwa nusu.

Mwalimu_Himbi

Basi napeleka C kwenye kamati, bila subwufa, na fedha za subwufa ziende kwenye pazia la nyuma na mtaro wa ardhi. UmemeKatindo, waya wa shaba wa 25 unapatikana Birere (mtaa wa biashara hapa Goma) kwa mita, au ni lazima rola nzima?

UmemeKatindo

Wanakata kwa mita. Nenda na pima ya kalipa, pima uzi mmoja mmoja: uzi saba wa milimita 2.1 ndio 25 kweli. Kuna wa 16 unaouzwa kwa jina la 25. Na ukwaruze kwa kisu, chini ya rangi isiwe alumini.