Mtoto wa miezi 3 anakwaruza akivuta pumzi, naomba ushauri

MamaNuru: Wakuu, mwanangu tangu wiki ya 6 anakwaruza kooni, akilia ndiyo inazidi. Mvuke wa salbutamoli, dawa ya pumu, haukusaidia. Akichomwa deksamethasoni anatulia siku 3, inarudi. Eksirei ya kifua ni safi. Je, ni pumu?

Kibwebwe: Acheni kuwafukizia watoto udi na kuwalaza jirani na jiko la mkaa! Wazazi wa sasa hamsikii.

Zoloto: Pumu hubana hewa ikitoka. Huyu anakwaruza akivuta, kwa hiyo tazama juu zaidi, kwenye zoloto (kisanduku cha sauti kooni) na chini yake. Ana alama nyekundu mdomo wa chini, kidevuni au shingoni?

MamaNuru: Ipo kidevuni, inakua. Niliambiwa ni ya kuzaliwa tu, ndiyo maana sikuiandika. Ila Jumamosi anakatwa kimeo, fundi tumeshamlipa na bibi yake amesafiri kwa ajili hiyo. Wengi wamepona.

Zoloto: Nakusihi, asikatwe! Kimeo kinaning'inia nyuma ya kaakaa, tatizo linaelekea kuwa chini ya nyuzi za sauti. Utaongeza damu na usaha kwenye njia iliyokwisha kuwa nyembamba. Nashuku hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu. Steroidi, kama hiyo deksamethasoni, huupunguza kwa muda, ndipo watu hudhani ni mafua ya koo.

Mpekuzi: Hii chai. Wiki ya 6, kidevu, deksamethasoni, kama swali la mtihani. Na amejiunga leo.

MamaNuru: Si chai, kaka. Nimejiunga kwa ajili yake.

NesiWodi: Tuendelee. Aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Kamera laini ya puani mara nyingi haifiki vizuri chini ya nyuzi. Kipimo cha uhakika ni bomba gumu la kamera, mtoto akiwa nusukaputi. Kwa kawaida hawakati kipande cha uvimbe cha kupima, huvuja damu. Ikithibitika, huanzishwa dawa ya propranololi wodini, kidogo kidogo hadi miligramu 2 au 3 kwa kilo kwa siku, wakipima mapigo na sukari. Apewe akiwa ameshanyonya. Mwenye pumu kwa kawaida hapewi dawa hii, kwa hiyo jina la pumu lisibandikwe kwa kubahatisha.

MamaNuru: Sasa anaachia ziwa kila mara, na chini ya mbavu panabonyea. Nisubiri asubuhi?

Zoloto: Usisubiri, mpeleke hospitali sasa hivi. Mbebe wima, usimlazimishe kulala chali, chukua kadi yenye sindano zote. Mlangoni sema: anakwaruza akivuta, ana alama kidevuni.