Naomba ushauri: binti yangu ameuliza kama hatia ya Wajerumani ni yake pia

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Ninaishi Ujerumani, na binti yangu wa miaka 15, raia wa hapa kwa kuzaliwa, alirudi kutoka ziara ya shule katika iliyokuwa kambi ya Buchenwald, ambako Wanazi waliwatesa na kuwaua wafungwa, akaniuliza, "Baba, sisi nasi tuna hatia?"

Nilimweleza kwamba mwanafalsafa Karl Jaspers, mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alitenganisha hatia ya jinai, ambayo ni ya mtenda mwenyewe na huamuliwa na mahakama, na hatia ya kisiasa, ambayo raia huibeba kwa matendo ya dola yao. Niliongeza kwamba Rais Richard von Weizsäcker wa Ujerumani Magharibi, katika hotuba yake ya tarehe 8 Mei 1985, alikana kuwepo kwa hatia ya taifa zima, lakini akasisitiza kuwa wote, wazee kwa vijana, hawana budi kuyapokea yaliyopita.

Hakuridhika. Babu zake wanatoka Songea, ambako Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji; je, pasipoti yake imemfanya mrithi wa wanyongaji? (Nakiri swali hilo lilinikausha mdomo.)

Walimu, na wazazi mnaolea watoto Ulaya, nishaurini: nimwambie kwamba wajibu huu unafuata uraia, wala si damu, au jibu hilo litawapa wenzake wenye asili ya Kijerumani, na yeye pia, mlango wa kuukwepa?