Naomba ushauri: sh 500 kwa kilomita inatosha au najichosha?

Wakuu habarini. Nipo Tanga mjini, kazini natumia gari yangu binafsi na ofisi inanirudishia sh 500 kwa kila kilomita. Bosi anasema napata faida. Mke wangu anasema gari inaliwa kidogo kidogo na sisi tunachekelea. Nikaona nipige hesabu.

Wese nimeliweka sh 3,000 kwa lita, maana bei elekezi ya EWURA, wale wadhibiti wa mafuta, inabadilika kila mwezi. Nikienda Korogwe, barabara tambarare, gari inakula lita moja kwa kilomita 10, yaani sh 300. Kumwaga oili na filta ni laki na nusu kila kilomita 5,000, hiyo sh 30. Tairi nne laki sita, zikitembea 40,000 ni sh 15. Hapo nacheka.

Shida ni Lushoto. Ukishaacha Mombo unapanda kona kwa kona na gia nzito, wastani wa safari nzima unashuka hadi kilomita 8 kwa lita. Kushuka nako pedi za breki zinanuka.

Halafu kuna uchakavu. Nikikadiria gari itashuka thamani milioni nne kwa kilomita 40,000, ni sh 100 nyingine. Korogwe inakuwa 445, Lushoto 520, na bushi, zile raba za miguu ya gari, sijagusa.

Je, bima niiingize, wakati ningeilipa hata gari ikilala? Na mliowahi kuomba viwango viwili, cha tambarare na cha milimani, mliandikaje barua?