Mwamba ukifungwa, mvuvi ale nini?

Swali
Ndugu wanajukwaa, kila ninaposoma kuhusu hifadhi ya matumbawe katika visiwa vya tropiki, naona uamuzi wa kwanza ni kufunga sehemu ya mwamba isivuliwe, ilhali suala la riziki huahirishwa. Je, ipo njia iliyokwisha kujaribiwa ya kuulinda mwamba bila kumtaka mvuvi avumilie miaka mitano ndipo ale?

Jibu la kwanza
Ndugu, inategemea unafunga kwa ajili ya kiumbe gani. Pweza ndiye mfano mwepesi, kwa kuwa huishi takriban mwaka mmoja na huongezeka uzito upesi mno, hivyo akiachwa pangoni miezi miwili au mitatu tu, anayevuliwa siku ya ufunguzi huwa mkubwa zaidi. Wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza utaratibu huo mwaka 2004, na vijiji vingine vya pwani vikaufuata, kwani faida yake haikuhitaji subira ya miaka. Siku ya ufunguzi ndiyo yenye hatari: umati ukiingia kwa pamoja, wageni wakiwamo, matumbawe hukanyagwa na akiba yote huisha katika bamvua moja, yaani siku chache za maji makuu. Nani ataingia, na kwa chombo gani, yafaa kukubaliwa kabla ya kufunga.

Jibu la pili
Kuhusu pweza sina ubishi, ila pweza si mwamba. Samaki kama chewa huchukua miaka kukomaa, na pono, ambaye hukwangua mwani unaoyanyang'anya matumbawe nafasi, hafaidiki sana na eneo linalofungwa na kufunguliwa. Wakazi wa Kisiwa cha Apo, Ufilipino, walitenga sehemu ndogo ya mwamba wao tangu 1982 na kuifunga daima, huku kwingineko wakiendelea kuvua kwa mishipi na madema. Miaka ilivyopita, samaki walizidi ndani ya eneo hilo na wavuvi wakanufaika kando yake. Nasisitiza neno "ndogo". Anayeanza kwa kufunga nusu ya mwamba anatafuta ugomvi, na atakuwa ameutafuta kwa haki.

Jibu la tatu
Katika Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambako mwamba umehifadhiwa tangu 1994, baadhi ya waliokuwa wavuvi waliajiriwa kuwa walinzi, nao mishahara yao hutokana na watalii. Ni mpango mzuri, isipokuwa mwaka 2020 ulionyesha jinsi watalii wanavyoweza kutoweka ghafla. Vilevile hakuna mlinzi awezaye kuzuia joto: maji yakizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja hivi, kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani mdogo mno uishio ndani yake na kulilisha, likapauka, jambo lililotangazwa kuikumba dunia kwa mara ya nne mnamo Aprili 2024.

Mwuliza swali
Nashukuru. Basi kwa ndugu wa jibu la pili: eneo dogo likishafungwa, mafuta ya boti ya doria hulipiwa na nani?