Mafundi, acheni kutuuzia sensa za ekzosi bila kupima! Kufuta taa ya injini si matengenezo

Wakuu, hili jambo limevuka mpaka. Taa ya injini ikiwaka kwenye IST, Vitz, Premio au Allion, kinachofuata gereji nyingi kinajulikana. Fundi anachomeka mashine, anasoma P0420 au P0171, anatamka "sensa imekufa", mteja analipa, taa inafutwa, gari linaondoka. Siku tatu baadaye taa imerudi, na safari hii mteja anaambiwa tatizo ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Pesa ya sensa ndiyo imekwenda hivyo.

Huu ni wizi, na unashika kwa sababu wengi wanaamini mashine imetaja kifaa kibovu. Haijataja. Namba ya kosa inaeleza kompyuta ya gari imeona nini. Kilichosababisha kinatafutwa kwa kupima, na vipimo vyenyewe unaweza kuvifanya uani kwako ukiwa na multimita na kisomeo cha OBD cha Bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya gari na kutuma takwimu kwenye simu.

Nianze na P0420 kwa sababu ndiyo inayowaliza watu zaidi. Sensa ya ekzosi (ya oksijeni) ya mbele inakaa kabla ya masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi; ya nyuma inakaa baada yake. P0420 inawaka pale sensa ya nyuma inapoona moshi unaofanana mno na wa mbele, yaani masega hayasafishi tena. Kwa hiyo mara nyingi namba hii inaonyesha kwamba sensa ya nyuma iko hai na inasema kweli. Halafu fundi anaing'oa hiyohiyo! Pasha injini moto kabisa, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika (RPM) kwa dakika mbili tatu, tazama volti za sensa ya nyuma kwenye simu. Masega yakiwa mazima, namba inatulia karibu na 0.6 hadi 0.8. Ikiwa inaruka kutoka 0.1 kwenda 0.9 na kurudi, bila kutulia, masega yamechoka, au kuna hewa inayoingia kwenye bomba kabla ya sensa. Hakikisha kwanza hakuna uvujaji ndipo uzungumzie masega.

Uvujaji ni rahisi kuukamata. Gari likiwa limelala usiku kucha, liwashe mahali penye hewa ya wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Mwenzako aweke kitambaa kinene kilicholowa mdomoni mwa ekzosi kwa sekunde chache, wewe usikilize kuanzia manifoldi hadi kwenye kila gasketi. Palipopasuka utasikia "fyuu-fyuu" na mara nyingi utaona mstari wa masizi meusi umejichora kwenye chuma. Tundu dogo linavuta hewa ya nje ndani ya bomba kati ya mpigo mmoja wa moshi na mwingine. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza petroli. Gari linaanza kunywa, na wewe unauziwa sensa wakati gasketi ndiyo iliyokufa.

Na masega nayo hayafi bure. Plagi au koili ikipoteza moto, petroli isiyoungua inakwenda kuwakia ndani ya masega mpaka yanayeyuka. Ndiyo maana taa ya injini ikianza KUPEPESA badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame haraka iwezekanavyo. Anayefunga masega mapya bila kutibu kupotea kwa moto, au injini inayokula oili, atayaua na hayo mapya.

P0171 ni kichefuchefu kingine. Maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Fungua kwenye programu yako marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yale yanayoandikwa LTFT. Ndani ya kumi kwa mia, juu au chini, hakuna shida ya kukimbilia gereji. Ikiwa gari likiwa sailensa (linanguruma bila kukanyaga mafuta) linasoma +20, ukipandisha hadi 2,500 inashuka karibu na sifuri, tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka au hewa inayoingia baada ya kipimahewa, sensa inayopima hewa inayokwenda kwenye injini. Ikiwa ni kinyume chake, unavyokanyaga ndivyo inavyopanda, angalia kipimahewa kilichochafuka na presha ya petroli: pampu, chujio. Kipimahewa kinasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, bila kugusa waya zake kwa kidole wala pamba. Hapo sensa ya oksijeni inaingiaje?

Sasa kuna namba ambazo kweli zinaigusa sensa: P0135 kwa ya mbele na P0141 kwa ya nyuma. Hizi ni za hita iliyo ndani ya sensa. Sensa haifanyi kazi mpaka ichemke, takriban nyuzi joto 300 za Selsiasi, na hita ndiyo inayoiwahisha. Gari likiwa baridi, chomoa soketi ya sensa na upime omu kati ya pini mbili za hita. Kwenye sensa za Denso zilizozoeleka kwa Toyota hizi, hizo ni nyaya mbili nyeusi. Sensa ya oksijeni ya kawaida inatoa omu 11 hadi 16; ile ya mbele ya aina ya A/F, inayopima uwiano wa hewa na petroli, inatoa 1.8 hadi 3.4. Multimita isiposoma chochote, hita imekatika, nunua sensa kwa amani. Ikisoma vizuri, iache! Washa swichi, pima upande wa gari: lazima pini moja ya hita iwe na volti za betri. Kama hazipo, kagua fyuzi ya EFI na nyaya. Fyuzi!

Kuna wanaoitazama sensa ya A/F kwenye programu ya simu, wanaona 0.66 imeganda, wanatangaza imekufa. Kwenye Toyota, kisomeo cha kawaida kinagawanya ile volti 3.3 kwa tano. 0.66 maana yake mchanganyiko uko sawa. Sensa nzima zimetupwa kwa kutojua hesabu hii tu.

Wenye magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisomeo chako kikikataa kuunganika usikubali kuambiwa kontroli boksi imeungua. Soketi ina pini 16 kama nyingine, lakini huenda gari halizungumzi lugha ya OBD2 ya kawaida. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo unaweza kusoma kwa kipande cha waya. Itazame soketi chini ya usukani, upande mpana ukiwa juu: safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha 4 na 13, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itapepesa. Mipepeso ya haraka isiyo na pumziko ni salama. Mipepeso miwili, pumziko, mmoja, ni 21, sensa ya oksijeni. 25 ni hewa nyingi, 26 ni petroli nyingi. Hesabu pini mara mbili, maana 16 ni chanya ya betri moja kwa moja. Ukiiunganisha na 4 umepiga shoti.

Ukilazimika kubadili, pasha injini dakika tano, zima, puliza oili ya kulegeza kutu, tumia soketi ya 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Dawa ya kuzuia kutu ikae kwenye nyuzi za kukazia tu, isifike kichwani mwa sensa. Kaza nyutoni-mita 44. Ukinunua ile isiyo na soketi yake, unganisha nyaya kwa vibanio, USICHOME RISASI: sensa inavuta hewa yake ya kulinganisha kupitia ndani ya waya, na risasi inaziba njia hiyo. Mafundi wangapi Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi wanachoma? Na silikoni ya gasketi isiyo salama kwa sensa inaacha unga mweupe kichwani na kuiua. Kichwa cheusi ti kinasema petroli ni nyingi. Kisome kichwa cha sensa ya zamani kabla hujakitupa.

Halafu ule uchafu mkubwa kuliko wote: kutoboa ekzosi na kuondoa masega "ili gari lipumue". Yale masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, yana soko. Mteja analipia kazi ya kuondolewa mali yake, kisha P0420 inawaka milele, kisha taa yenyewe inazibwa kwa gundi nyuma ya dashibodi. Anayenunua gari, washa swichi bila kuwasha injini: taa ya injini LAZIMA iwake. Isipowaka, mtu ameificha.

Na usikubali kosa lifutwe kabla hujaandika namba na takwimu zake. Tatizo likiisha kweli, taa inajizima yenyewe baada ya safari tatu safi.

Mwenye taa inayowaka sasa hivi aweke hapa namba ya kosa, aina ya injini, LTFT ikiwa sailensa na ikiwa 2,500, na volti za sensa ya nyuma. Na ukienda gereji, sema kabla kazi haijaanza: sensa ya zamani na kila kipande cha masega kitawekwa kwenye buti langu.