Victor Sjöström alijiongozaje mbele ya kamera?

Swali: Wakuu, jana nimeangalia Körkarlen, filamu bubu ya Uswidi ya 1921. Kumbe aliyeiongoza ndiye huyohuyo anayeigiza yule mlevi, David Holm! Alianzia wapi huyu mtu? Na ule mzimu ambao vitu vya nyuma yake vinaonekana kupitia mwilini, waliutengenezaje?

Jibu: Ndugu, umegusa mtu ninayempenda kuliko waongozaji wote. Sjöström alikuwa mtu wa jukwaani kabla kampuni ya filamu ya Svenska Bio haijamchukua mwaka 1912. Mwaka uliofuata tu akatoa filamu ya Ingeborg Holm, habari ya mjane fukara anayetenganishwa na wanawe, na Waswidi wakaanza kubishana kuhusu sheria zao za maskini.

Mzimu ni kazi ya mpiga picha Julius Jaenzon. Mkanda unapigwa, unarudishwa nyuma ndani ya kamera, unapigwa tena juu ya picha ileile. Kamera zenyewe zilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo mkono ukikosea mwendo, mzimu na chumba haviendi pamoja.

Ila mimi mzimu haunishiki kama shoka. Rudia pale David Holm anapovunja mlango kwa shoka ili awafikie mkewe na watoto. Hatumbui macho wala hapungi mikono kama waigizaji wengi wa siku zile. Anapasua mbao tu, kama mtu aliye kazini. Ndiyo maana naogopa.

Swali: Mkuu, mbona baada ya hapo simwoni tena? Alipotelea wapi?

Jibu: Hakupotea, alivuka kwenda Marekani. Huko walimwandika Seastrom, labda ndiyo maana humpati. Tafuta He Who Gets Slapped ya 1924, yumo Lon Chaney. Kisha The Wind ya 1928, yumo Lillian Gish. Waliipiga jangwa la Mojave kwenye joto kali, mchanga ukirushwa na propela za ndege. Gish pale haigizi kufumba macho, anayafumba kweli.

Filamu za sauti zilipoingia akarudi kwao. Aliongoza mara ya mwisho 1937, lakini kuigiza hakuacha. Mwaka 1957, akikaribia miaka 78, mwongozaji Mswidi Ingmar Bergman alimpa nafasi ya profesa mzee katika filamu ya Smultronstället. Tafadhali iangalie mpaka mwisho: mzee anawaona wazazi wake ng'ambo ya maji, baba akivua samaki, na kamera inakaa usoni pake. Hasemi neno.